Udongo wa kule juu

Huku Oicha, mashariki mwa Kongo, mvua ikinyesha kidogo tu, vijana wanavaa jaketi na kusema baridi imewaua. Sisi tuliozaliwa Masereka tunawatazama tu. Mstari wa ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero, lakini asubuhi kule milimani, zaidi ya mita 2000 juu, mdomo ulitoa moshi na vidole vilikataa kushika jembe. Jisogeze karibu, chai ingali moto.

Ninachokumbuka kwanza ni harufu. Udongo wetu ulinuka majani yanayooza taratibu, pamoja na moshi wa mikaratusi. Juu ulikuwa mweusi, ukichimba unakuta mwekundu. Baridi ndiyo iliyoutunza: huku kwenye joto majani yanaoza na kwisha upesi, kule yanakawia, rutuba inajikusanya. Tulivuna viazi, ngano, njegere, puaro (liki), na mashu (kabichi) ambayo mtoto hakuweza kubeba mawili. Bibi alipika njegere na viazi katika chungu kimoja, tukajazana jikoni tukigombea nafasi karibu na moto. Kwetu majina yanafuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na Kambale wake na Masika wake. Mama mmoja akiita "Kambale!" jioni, kilima kizima kinaitika.

Babu alitusimulia habari za mitaro. Wabelgiji waliwalazimisha watu kuichimba kukatisha mteremko, na kupanda matete kandokando ili mvua isibebe udongo. Aliichukia kazi hiyo mpaka uzeeni. Uhuru ulipokuja 1960, yeye na jirani zake waliacha mitaro ijifukie, na siwezi kuwalaumu. Nani atapenda kazi aliyofundishwa kwa fimbo? Lakini mvua ziliendelea kunyesha, na kijito cha bondeni, tulikokuwa tukichota maji, kikawa kinapita chekundu wiki nzima. Lile lilikuwa shamba letu likienda zake.

Likagawanywa pia. Babu aliwagawia wanawe, nao wakawagawia wana wao, mpaka kipande cha baba kikawa hakitoshi kulisha nyumba. Tukapakia vyombo kwenye lori la mashu na kuteremka, Butembo, Beni, hadi Oicha, nusu ya urefu ule wa milima. Nakumbuka hewa nzito ya msitu, michikichi, na sauti za wadudu usiku kucha. Watu walikuwa bado wanaitaja hospitali kwa jina la daktari wake wa zamani, Becker.

Mama alikuwa amefunga mbegu za viazi kwenye kitenge. Akazipanda nyuma ya nyumba na majani yakasitawi hadi majirani wakaja kuyatazama. Siku ya kuvuna, chini tulikuta viazi vidogo kama gololi, kwa sababu joto hulisha majani na kunyima viazi vyenyewe. Mama alivipika vyote, tukala, kisha akajifunza kupanda mihogo.

Baba alipanda kahawa ya robusta. Ilitusomesha, mpaka ugonjwa wa trakeomikosi ulipoingia na miti ikakauka ikiwa imesimama, shamba baada ya shamba. Tuling'oa, tukachoma. Baadaye ikaja kakao, na hadi leo harufu yake inapochacha chini ya majani ya migomba, chachu na tamu kwa pamoja, ndiyo harufu ya pesa hapa Oicha.

Tangu 2014 mauaji huku kwetu yamewafanya wengi waogope kwenda mashambani. Kakao inaiva, mwenyewe hayupo. Wengine wamekimbilia Butembo na Lubero, kwenye baridi ileile wazazi wao waliyoihama, na kule ardhi imezidi kuwa finyu. Inaniuma, maana kila mtu niliyemjua alihama akitafuta udongo wa kutosha tu.

Mjukuu wangu anasomea kilimo Butembo, Université Catholique du Graben. Anasema udongo wa kule juu una asidi. Unahitaji chokaa, samadi, miti ya kushika mteremko. Na mitaro! Nikamsimulia ya babu. Amekubaliana na binamu zake kuichimba upya kwenye kipande kilichobaki, mistari ya matete juu yake, na wanataka niwaonyeshe ile ya zamani ilipita wapi. Najua mahali pake, chini kidogo ya mikaratusi. Barabara ikiwa salama, nitakwenda.