Jino Lililonyamaza

Kina mama wenzangu, ninaandika haya ili mwingine asirudie kosa langu.

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka 9 alipoteleza kwenye miamba ya Gangilonga, Iringa. Jino la mbele lilimeguka pembe na kulegea kidogo. Alisukutua kwa maji ya chumvi, nikampa dawa ya maumivu. Siku ya nne alikula ugali bila kulia. Nilimshukuru Mungu, nikaliacha jambo hilo.

Miezi minane baadaye tulikuwa Tukuyu kwa bibi yake, mzaa baba. Ndiye aliyeniuliza, "Mama Neema, mbona jino la mtoto limekuwa jeusi?" Juu yake, kwenye ufizi, palikuwa na kipele chenye usaha. Kesho yake tulipanda basi kwenda Mbeya mjini.

Daktari wa meno alipiga picha, akanieleza kwa upole: nyama ya ndani ya jino ilikuwa imekufa, ndiyo maana maumivu yalikoma. Usaha ulikuwa ukila mfupa kimyakimya. Alitoboa jino, akasafisha mzizi, akaweka dawa. Tulirudi mara kadhaa hadi likazibwa. Jino limebaki.

Alinifundisha na hili: jino la kudumu liking'oka zima, lishike upande wa kutafunia, si mzizi. Lisuuze kidogo, ulirudishe mahali pake au uliweke katika maziwa, kisha ukimbilie hospitali ndani ya saa moja. La utoto halirudishwi.

Nilimwomba mwanangu msamaha. Kushukuru hakukuwa kosa. Kosa ni kuacha kutazama. Mtoto akinyamaza, mama, mwambie afungue kinywa.