Fort Payne: Mji wa soksi uliotuzalia bendi ya Alabama

MTEREMKO wa Mlima Lookout kuingia mji wa Fort Payne haumpi dereva nafasi ya kutazama mandhari. Shemeji yangu, mkazi wa Atlanta kwa miaka kadha sasa na ndiye aliyekuwa kwenye usukani, alikatiza mazungumzo ghafla, akapunguza gia na kuniambia nitulie hadi tufike chini. Mbele yetu lori lililojaa magogo lilikuwa likijikokota, taa zake za nyuma zikiwaka na kuzima. Niliikumbuka Sachang'wan, nikatulia.

Tulikuwa tumeondoka Atlanta asubuhi na mapema. Safari yenyewe ni ya saa mbili na ushei, na tulipovuka kutoka jimbo la Georgia kuingia Alabama tukarudishiwa saa nzima, kwani saa za Alabama ziko nyuma. Shemeji alisema hiyo ndiyo zawadi pekee ambayo jimbo hilo humpa mgeni bila malipo. Juu mlimani tulisimama kidogo kutazama Mto Little River, ambao hutiririka kwa maili nyingi juu ya mgongo wa mlima kabla ya kuporomoka ndani ya korongo refu. Kisha tukaanza kuteremka.

Nilichofuata huko ni muziki. Msomaji aliyekulia katika nyumba yenye redio hapa Kenya hahitaji kuelezwa habari za Jim Reeves, Charley Pride, Kenny Rogers na Dolly Parton. Nyumbani kwetu kulikuwa na kaseti moja ya bendi iitwayo Alabama. Ilikuwa ya baba, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Kwa miaka mingi nilidhani Alabama ni jina la mwimbaji, mtu mmoja mwenye sauti tatu! Nilikuwa shule ya upili nilipojua kuwa ni jimbo la Marekani, na kwamba sauti hizo zilikuwa za vijana wa ukoo mmoja kutoka mji mdogo tu.

Naam, ni mji mdogo kweli. Unaanza na kumalizika katika bonde jembamba, na barabara yake kuu, Gault Avenue, waweza kuimaliza kwa miguu kabla ya chai kupoa. Mwishoni mwa karne ya 19 matajiri walimiminika hapa wakitafuta makaa ya mawe na chuma. Wakajenga jumba la opera mwaka wa 1889, kisha madini yakawavunja moyo, wakaenda zao. Mji uliokolewa na soksi. Kiwanda cha kwanza kilianza mwaka wa 1907, na katika siku za neema kulikuwa na viwanda zaidi ya 100 hapa na viungani mwake. Wenyeji waliuita mji mkuu wa soksi duniani. Soksi za bei nafuu kutoka ng'ambo zilipofurika madukani, viwanda vikafunga milango kimoja baada ya kingine. Vilivyosalia ni vichache.

Jina lenyewe lina huzuni yake. Fort Payne ilikuwa ngome ya jeshi, ambamo Wacherokee walikusanywa mwaka wa 1838 kabla ya kufukuzwa kutoka ardhi yao na kupelekwa magharibi. Kijiji chao cha Willstown kilikuwa papa hapa, na Sequoyah, yule aliyebuni maandishi ya lugha ya Kicherokee, aliwahi kukaa humo.

Tukirudi kwa vijana wetu. Randy Owen na Teddy Gentry ni mabinamu. Walikulia katika mashamba tofauti juu ya mlima ule ule tulioteremka, wakalelewa na pamba na kanisa. Wazazi wa Randy walikuwa wakiimba nyimbo za injili pamoja na watoto wao, na inasemekana mabinamu hao walikuwa wakiimba kanisani kabla ya kufikisha miaka sita. Randy aliacha masomo kwa muda ili amsaidie baba yake shambani, baadaye akarejea darasani hadi akapata digrii ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Jacksonville State. Anayetaka kujua zile sauti za kupishana zilitoka wapi na aanzie kwenye viti vya makanisa hayo madogo ya mlimani.

Teddy, mpiga gitaa la besi, alilelewa katika shamba la pamba la babu yake. Pesa za rekodi zilipoanza kuingia alilinunua shamba hilo. Na hapa naomba nitoke nje ya njia kidogo, kwa faida ya wafugaji. Mwanamuziki huyu amezalisha aina yake ya ng'ombe, South Poll, wanaostahimili joto la kusini na kunenepa kwa nyasi tu. Mojawapo ya mbegu alizochanganya ni Barzona, ambayo ndani yake mna damu ya ng'ombe wa Afrikaner kutoka Afrika Kusini. Kwa hivyo hata kwenye boma la bendi hii sisi Waafrika tuna jamaa.

Wa tatu, Jeff Cook, ni jamaa yao pia, lakini alikuwa kijana wa mjini. Yeye alivutwa na mitambo. Alipata leseni ya utangazaji redioni mara tu baada ya kutimiza miaka 14, na aliweza kupiga gitaa, kinanda na fidla. Ukisikiliza "Mountain Music" ya mwaka wa 1982, utatambua kuwa kijana wa redio alikuwa amesikiliza zaidi ya nyimbo za kanisani. Alipenda roki, na aliileta.

Watatu hao walianza mwaka wa 1969 kwa jina la Young Country, wakashinda shindano la vipaji shuleni, kisha wakajiita Wildcountry. Mwaka wa 1973 waliacha vibarua vyao wakaenda Myrtle Beach, mji wa pwani jimboni South Carolina, wakawa wakipiga muziki katika baa moja iitwayo The Bowery kwa kutegemea bakshishi. Walifanya hivyo kwa misimu kadha, usiku baada ya usiku, wakipiga chochote ambacho mlevi aliagiza. Nyakati hizo kampuni za rekodi za kantri zilitaka mwimbaji mmoja mwenye kofia na wapigaji wa kukodiwa. Bendi nzima, tena ya mabinamu, nani angeinunua?

Shida yao kubwa ilikuwa mpiga dramu. Walikuja na kuondoka. Mwaka wa 1979 akaja Mark Herndon, mzaliwa wa Massachusetts na mtoto wa mwanajeshi, aliyelelewa katika roki. Hakuwa wa ukoo wala wa mlima. Mwaka mmoja baadaye kampuni ya RCA iliwaandikisha, "Tennessee River" ikapanda hadi nambari moja, na zilizofuata zikapanda pia, hadi jumla ikapita 40. Walituzwa kuwa watumbuizaji bora wa kantri miaka mitatu mfululizo, 1982 hadi 1984.

Hawakuusahau mji. Kuanzia mwaka wa 1982 hadi 1997 waliandaa tamasha hapa kila Juni, June Jam, na mapato yakaenda kwa hisani. Lilifufuliwa mwaka wa 2023.

Kwenye bustani ndogo kando ya Gault Avenue zimesimama sanamu nne za shaba, kila mtu na ala yake. Nilikaa mbele yazo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Herndon yumo, sawa na wenzake. Lakini mwaka wa 2008 wenzake hao watatu walimpeleka kortini wakidai alilipwa kupita kiasi katika ziara ya kuaga mashabiki, na bendi iliporejea jukwaani haikurejea naye. Miaka ile yote hakuwa mshirika katika biashara ya bendi. Nilipomweleza shemeji hayo, alicheka kicheko kifupi. "Hata sisi tuliooa kwenu twajua meza hiyo," akasema. Sikumjibu. Kwa maoni yangu midundo yake ndiyo iliyowatoa baa, ingawa mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake alinikatalia katakata na kusema ni zile sauti za mabinamu.

Nilimpigia baba simu nikiwa pale pale. Aliniuliza mpiga fidla ni yupi kati ya wanne. Nikamwambia ni Jeff Cook, na kwamba aliaga dunia Novemba 2022 baada ya kuugua maradhi ya Parkinson kwa muda mrefu. Baba alinyamaza kitambo. Kisha akataka kujua soksi za huko ni bei gani, na kama ni za sufu.