Kwa Nini Nilinyamaza Mkutanoni

Mliokuwepo kwenye mkutano wetu wa mwezi wa kumi mnakumbuka tulipofika kwenye ajenda ya Usiku wa Afrika, mtu akapendekeza tuimbe "Baba Yetu", ukumbi mzima ukapiga makofi. Mwenyekiti akanigeukia, "Wewe si ndiye Mswahili wetu wa Tanga, utatuongoza." Mimi nikainamia simu yangu kama vile kuna mtu kanipigia. Hakuna aliyepiga. Wawili watatu waliniuliza baadaye kama nimekasirika. Sikukasirika, ila jibu lake ni refu, na mhariri kasema ana kurasa mbili hazijajaa, basi nalileta hapa.

Nilikuja California mwaka 2021, nina miaka kumi na minne, kumfuata mama aliyekuwa ametangulia miaka sita. Mama ni mbeba boksi kama wanavyosema nyumbani, ila maboksi yake ni wazee: anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, anawageuza, anawaogesha, anawasikiliza wakimwita kwa majina ya watoto wao, asubuhi anarudi miguu imevimba. Shule ya serikali ya mtaani kwetu hakuipenda, alishaona ugomvi mara mbili pale kituo cha basi. Akaenda kunitafutia nafasi shule ya Kikatoliki. Watu wa msikitini walishangaa. Mama akawaambia yeye kazaliwa zahanati ya masista na hajawahi kuona sista akimbadilisha mtu dini kwa kumpa panadol. Shule ikatoa msaada wa nusu ya ada, mtandio ukaruhusiwa mradi uwe mweusi au mweupe, mambo yakaisha. Misa nilihudhuria kama wote. Wakati wa komunyo asiye Mkatoliki akitaka anakwenda mbele amekunja mikono kifuani, padri anambariki, asipotaka anabaki kwenye benchi. Mimi nilibaki, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Tabu ilinikuta kwenye sanaa.

Mliosoma sekondari hapa California mnajua habari ya herufi. Vyuo vikuu vya jimbo, yaani UC na CSU, vinataka uwe umesoma masomo ya makundi saba, A mpaka G. A ni historia, B Kiingereza, C hesabu, na kuendelea. Kundi F ni sanaa: kuchora, ufinyanzi, muziki, dansi, maigizo. Lazima mwaka mzima, na lazima upate C au zaidi. Mshauri wa masomo aliponiambia "umebakiza F" nilitaka kulia, maana kwetu F ni F. Alinielewesha akicheka, na mimi nikacheka, lakini nyumbani mama hakucheka. Alisema, "Nalipa ada ukafinyange vyungu? Si ungebaki na bibi yako."

Sasa kwa haki ya mama niseme hivi. Tanzania somo la sanaa lipo kwenye orodha ya mtihani wa kidato cha nne, lipo na la muziki na la sanaa za maonyesho, lakini shule zinazolifundisha ni chache mno. Sehemu nyingi sanaa ni kitu cha Jumamosi jioni: kuna ngoma akija mgeni, kuna kwaya, basi. Anayetaka kusoma zaidi anakwenda Bagamoyo, kwenye chuo kilichoanza mwaka 1981 na siku hizi kinaitwa TaSUBa. Kwa hiyo mzazi akisikia mtoto anapewa alama kwa kuchora jagi na ndizi, anaona kaibiwa. Mimi mwenyewe niliona hivyo. Pale shuleni palikuwa na jengo zima la sanaa, chini tanuri la kuchomea vyungu, juu chumba cha dansi chenye vioo ukuta mzima, pembeni jukwaa ambalo lina watu wa taa, watu wa sauti, mpaka darasa la kushona mavazi ya mchezo. Nilipita nikitazama kama mtu aliyeingia nyumba ya tajiri akatafute choo.

Ufinyanzi ulijaa. Kuchora kulitaka ununue vifaa, na mimi nilishaona mama anavyohesabu hela. Dansi hapana. Ikabaki kwaya, bure, saa mbili asubuhi. Nikaandikishwa mwezi wa nane mwaka 2022, sauti ya pili.

Nitawaambia ukweli, niliipenda kuliko nilivyotarajia. Mimi ni mtoto wa madrasa. Nimeimba kaswida tangu sijaota meno ya mbele, kwenye maulidi nilikuwa napangwa mstari wa mbele kwa sababu ya sauti na kwa sababu ya ufupi. Bibi yangu naye ni mtu wa taarabu ya Tanga, ya wakati wa Black Star na Lucky Star, jikoni kwake redio haizimwi. Kusoma nota nilikuwa sijui kabisa, ila sikio lilikuwepo. Na Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kujificha. Darasani nilikuwa nakaa nyuma, nikiulizwa najibu kwa kichwa. Kwenye kwaya hakuna anayekuuliza maoni yako, unafungua mdomo pamoja na wenzako sitini.

Mwezi wa pili mwaka 2023 mwalimu akagawa karatasi za tamasha la masika. Ya mwisho ilikuwa "Baba Yetu".

Kwa wasiojua: wimbo huu haukutungwa Afrika. Aliutunga Christopher Tin, Mmarekani wa California aliyesoma Stanford, kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV uliotoka mwaka 2005. Mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo. Maneno ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Kwaya za shule hapa Marekani zinaupenda sana, na nasema bila kinyongo kwamba ni wimbo mzuri. Unapanda kama mtu anapanda ngazi mbili mbili.

Mwalimu akauliza, "Kuna anayejua Kiswahili?" Akijua jibu, mzee yule, alikuwa ananitazama mimi. Nikainua mkono.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa wiki zangu bora pale shuleni. Nilisimama mbele nikawafundisha. "Mbinguni" walikuwa wanaanza na "em", nikawaambia fumbeni midomo kwanza, kama mtu anayefikiria, halafu fungueni. Nikawafundisha kwamba Kiswahili kinakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, ukikanyaga penginepo unaonekana mgeni. Neno "waliotukosea" liliwaua. Nikaliandika ubaoni vipande vipande, huyu ni wao, huu ni wakati uliopita, huyu ni sisi, hili ndilo kosa lenyewe, na kijana mmoja wa besi akasema, "Yaani hiyo ni sentensi nzima." Ndiyo, ni sentensi nzima. Mtu ambaye mwaka mzima alikuwa hanijui jina akaniletea kitafunwa.

Sasa hapo ndipo nilipojitega mwenyewe. Katika kuwaeleza maana ya kila neno nilijikuta nimefika kwenye kiitikio. Kiitikio kinamwita Mungu Baba, halafu palepale kinaingiza jina la Yesu, na kinarudi, kinarudi, ndio moyo wa wimbo. Sisi Waislamu Nabii Isa tunamheshimu, asiyemkubali huyo si Muislamu. Lakini Mungu hatumwiti Baba, na Isa hatumwiti Mungu. Ni jambo la kwanza mtoto anafundishwa, kabla ya alifu na bee. Nikamuuliza kijana mmoja wa Bukavu, Mkatoliki toka tumboni, kama kwao wanasali namna hiyo. Akasoma karatasi, akasema, "Sisi hatusemake vile kanisani, jina la Yesu haliingiake pale. Lakini mimi ningeimba tu." Kwake haikuwa shida.

Wenzangu wote walikuwa wanaimba sauti. Mimi nilikuwa nasema maneno. Wimbo wa Kilatini niliimba mwaka mzima na dhamiri yangu ililala, maana sikuelewa. Huu ulinikuta ndani ya lugha niliyolelewa nayo.

Nikampigia bibi. Akasikiliza, akauliza kwanza, "Na hao unaowafundisha wanakulipa ngapi?" Nikasema hawanilipi. Akaguna. Kisha akanikumbusha kwamba mwalimu wa kwaya ya kanisa alikuwa jirani yetu, na kila maulidi mkewe alikuja kukaa nasi kwenye mkeka, akala pilau, akasikiliza kaswida mpaka mwisho. "Alisikiliza," bibi akasema, "hakuitikia. Na sisi hatukumdai." Mama kwa upande wake aliuliza alama. Tamasha lilikuwa sehemu kubwa ya alama ya muhula, asiyepanda jukwaani anashuka, na mimi nilihitaji ile C na ule msaada wa ada. Alinyamaza muda. Akasema nikaongee na mwalimu kwa adabu, nisilie.

Nilikwenda. Sikulia. Mwalimu alinisikiliza amekaa kwenye kiti cha piano, akasema kwa upole kabisa, "Lakini ni muziki tu. Hakuna mtu ukumbini atakayeelewa."

Nikamwambia, "Mama yangu ataelewa."

Hakujibu. Akaniambia nirudi Jumatatu.

Mwisho wa wiki ile nilifanya kitu ambacho bado nakionea aibu kidogo na fahari kidogo. Darasa la dini, ambalo pale ni lazima miaka yote minne, tulikuwa tumesoma Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Vatikano la mwaka 1965. Lina kipande kuhusu Waislamu. Linasema Kanisa linawatazama kwa heshima, na linataja wazi kwamba hawamkiri Yesu kuwa Mungu bali wanamheshimu kama nabii. Nilikuwa nimeandika insha juu yake nikapata B. Jumatatu nikaenda na ile insha. Mwalimu akaisoma yote, amesimama, miwani kwenye paji la uso, akasema alama ile ilikuwa ya ubahili.

Tukakubaliana hivi. Beti, zile za chakula cha leo na za kusameheana, nitaimba, tena moja nitaanzisha peke yangu. Hizo sikuwa na tatizo nazo, hata kwenye dua zetu tunaomba hayo hayo, na maneno yenyewe kama "samehe" na "dunia" yametoka Uarabuni. Kwenye kiitikio nitanyamaza, na alama hazitaguswa. Wenzangu wengine hawakufurahi. Msichana mmoja wa sauti ya kwanza alisema naleta maringo, nimepewa ubeti halafu nachagua maneno kama mtu anayechambua mchele. Sikumjibu kwa sababu kwa mbali niliona hajakosea sana.

Tamasha lilikuwa Ijumaa usiku, mwezi wa tano. Mama alibadilishana zamu, akaja amevaa dera lake la Eid na koti la kazini juu. Alikaa safu ya nne. Nikaanzisha ubeti wangu na sauti haikutetemeka. Kiitikio kikaja, nikafumba mdomo, watu hamsini na tisa wakaimba Kiswahili pande zote mbili za masikio yangu, na "mbinguni" yao ilikuwa safi, wamefumba midomo kwanza kama nilivyowafundisha. Kikaja tena nikafumba. Ngoma zikaongezeka. Mlioimba wimbo huu mnajua unavyofika mwisho, hauombi ruhusa.

Kile kiitikio cha mwisho niliimba.

Sijui nilianza wapi. Sikuamua. Nilijisikia tu niko ndani yake, na jina na yote, kwa sauti kubwa, mpaka makofi.

Kwenye gari mama hakusema kitu mpaka tulipoingia barabara kuu. Kisha, macho mbele, "Mwisho uliimba."

"Ndiyo mama."

"Haya."

Tukaenda kama maili tatu. Akauliza kama nina njaa, kuna kuku wa kukaanga pale kwenye kona wanafunga saa nne. Tukanunua vipande sita, tukala garini, akaniambia wimbo ni mzuri, akaniambia kola ya shati la mwalimu ilikuwa imekunjamana. Bibi nilimwambia kwamba tamasha lilikwenda vizuri. Hilo la mwisho sijamwambia mpaka leo, na bahati nzuri hasomi jarida hili.

Nilipata A. Kundi F likajaa, ndio maana nipo hapa nanyi mwaka huu.

Basi ndugu zangu, mlipopiga makofi siku ile mimi nilirudi kwenye lile jukwaa. Sikusema hapana, na leo siandiki kuwazuia. Mazoezi nimeona yamewekwa Alhamisi saa kumi na mbili jioni kwenye chumba cha chini. Nitakuja, na nitawafundisha maneno yote pamoja na kiitikio, maana ndugu zetu wa Ghana na Nigeria "waliotukosea" itawasumbua. Mkiniona nimefumba mdomo mahali msinigonge kiwiko. Na mkiniona nimeufungua, tafadhali, msinigonge pia.