Kabla ya Kununua Sanduku

Atokaye Digo Road na kuingia Biashara Street hupokewa na rangi kabla ya kupokewa na watu. Leso zimetundikwa milangoni toka juu hadi chini, majina yake yakisomeka hata kutoka ng'ambo ya barabara. Vikoi vimekunjwa vikapangwa kwa mistari yake, na kandokando ya maduka mafundi wamekaa nyuma ya cherehani zao wakipinda leso ambazo wateja wamezinunua muda mfupi tu uliopita. Humo ndimo lilimo jina la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake zajulikana pwani nzima kwa alama ya "Mali ya Abdulla", na ambalo limekuwa katika biashara hii tangu karne ya 19.

Bibi harusi huanzia huku, na mwenye kukaribia kujifungua huanzia huku. Siku hizi huanzia huku pia mama anayealikwa Ulaya na wanawe: mmoja amezaa London, mwingine yuko Ujerumani kwa kazi, na wote wanamtaka akae miezi. Mama huyu hufika mjini akiuliza sanduku kwanza, tena lile kubwa kuliko yote. Akishalipata ndipo hutafuta vitu vya kulijaza. Naona mpango huo umepinduliwa miguu juu, kichwa chini.

Sababu ya kutaka sanduku kubwa yaeleweka. Ndege kubwa za safari ndefu mara nyingi humruhusu abiria kilo 23, na baadhi humpa masanduku mawili ya uzito huo, kila moja likiwa na jumla ya urefu, upana na kina isiyozidi sentimita 158. Mtu husema: ikiwa nimepewa, kwa nini nisichukue? Lakini safari ya kukaa Ulaya haiishi kwenye ndege ile ya kwanza. Atakapotoka London kwenda kumwona mwanawe Ujerumani, huenda akakatiwa tikiti ya ndege ya bei nafuu, na mashirika hayo hayana ukarimu wa mizigo. Tikiti ya chini kabisa huruhusu mkoba mdogo wa kuwekwa chini ya kiti tu. Begi la sentimita 55 kwa 40 kwa 20 mara nyingi hulipiwa, na sanduku la kilo 23 huenda likagharimu zaidi ya kiti chenyewe. Anayelipia mlangoni mwa ndege hulipa zaidi ya aliyelipia mapema.

Kisha kuna ngazi. Huku kwetu mchukuzi haitwi mara mbili. Huko mtu hubeba chake mwenyewe: vituo vingi vya treni za chini ya ardhi za London havina lifti, mlango wa treni una kidato na hausubiri, na nyumba nyingi za zamani zina ngazi nyembamba zilizosimama kama ukuta. Basi sanduku lipimwe kwa kipande cha safari kilicho kigumu kuliko vyote. Mama na alinyanyue sanduku lake, likiwa limejaa, mpaka kimo cha kiuno na kupanda nalo ngazi za nyumbani kwake mara mbili. Asipoweza Mombasa, hataweza Birmingham akiwa amevaa koti.

Kwa atakayehamahama baina ya watoto, nashauri begi moja la magurudumu la sentimita 55 na mkoba wa begani, basi. Atakayekaa nyumba moja muda wote aweza kuchukua la kadiri, kama sentimita 65. Lile kubwa kabisa ni zito hata kabla ya kutiwa kitu; mengine huwa kilo 4 au 5 yakiwa matupu, na nafasi tupu haimwachi mtu na raha mpaka aijaze.

Tukishakubaliana hivyo, turudi dukani, maana dawa ya sanduku dogo inauzwa papo hapo. Neno leso tulilipata kwa Wareno, waliouita hivyo mtandio mdogo wa mkononi. Bibi zetu waliziunganisha leso kadhaa zikawa nguo moja pana. Nguo hiyo hadi leo haikutengewa kazi moja. Jozi mbili zilizopindwa vizuri huwa ushungi na vazi la Swala, shuka ya kujifunika kwenye basi la usiku, taulo, pazia la faragha katika chumba cha kulala wageni, mbeleko ya mjukuu, msala penye sakafu safi, na furushi la nguo chafu. Taulo nene moja hula nafasi ya leso kadhaa na hukawia kukauka. Leso ikifuliwa usiku na kuanikwa karibu na kipasha joto cha ukutani, asubuhi yavalika. Chagua ya pamba iliyolainika, uifue mara moja kabla ya safari itoe wanga wake na rangi ya ziada, usije ukawapaka watu rangi mashuka yao.

Nguo nyingine zihesabiwe kwa wiki, zisihesabiwe kwa miezi. Viza ya Schengen humruhusu mgeni siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, lakini mashine ya kufulia iko karibu kila nyumba. Mabuibui mawili ya kitambaa chepesi kisichokunjamana, madera matatu ya kuvaa ndani, suruali za joto za kuvaliwa chini yake, na sweta moja nzuri vyatosha. Koti zito lisinunuliwe huku: huko yapo maduka ya mitumba ya hisani yanayouza makoti mazuri kwa bei ndogo. Aliye nalo tayari, na alivae ndani ya ndege, asilipakie.

Lipo jambo ambalo vitabu vya wasafiri hawaliandiki, na wanawake huulizana kwa sauti ya chini. Vyoo vya Ulaya, kwa wingi wake, havina maji ya kujitahirishia. Chupa laini ya plastiki, tupu, ndani ya mkoba, ina thamani kuliko jozi ya tatu ya viatu. Ikiwa tupu hupita ukaguzi bila swali, tofauti na marashi na mafuta ya nazi, ambayo katika viwanja vingi chombo chake hakitakiwi kizidi mililita 100, hata kikiwa nusu. Khufu za ngozi nazo hazina uzito, na zinamwondolea msafiri tabu ya kuinua mguu kwenye sinki la ofisi ya watu. Sharti zivaliwe katika tohara, na masharti yake mengine aulizwe mwalimu.

Sasa zawadi, ambazo ndizo hasa zinazovimbisha sanduku. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria atokaye kwetu kuingia na nyama wala maziwa, na samli imo katika maziwa. Samaki mkavu huruhusiwa hadi kilo 20, asali hadi kilo 2. Tangu Desemba 2019 matunda na mboga mbichi hutakiwa cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Maembe ya mwanao, kwa hiyo, yabaki Marikiti. Uingereza ina kanuni zake, ziangaliwe mbali.

Na yule jirani ajaye usiku wa kuamkia safari na kifurushi kilichoshonwa: "Mama, nibebee hiki kidogo, mwanangu atakuja kukipokea." Kukataa kwaona haya, najua, na amana kwetu ni jambo kubwa. Lakini mbele ya mkaguzi, mwenye sanduku ndiye mwenye kilichomo. Miraa, ambayo huku huuzwa barabarani mchana kweupe, imepigwa marufuku Uingereza tangu Juni 2014. Vingine vya kutisha zaidi hushonwa ndani ya vitu visivyo na makosa. Kisichofunguliwa mbele yako na kupangwa kwa mikono yako kisiingie. Sanduku dogo humsaidia mama hapa pia: laonekana limejaa, na jirani haoni pa kusukumia.

Badala ya vifurushi, wanunulie wenyeji wako leso. Hazivunjiki, hazivuji, hazizuiwi na forodha ya chakula, na mkwe aliyezaliwa ugenini atataka kufasiriwa jina lake. Lisome kabla ya kulipa. Yako maneno ya kumpa mkwe na yako ya kumpa jirani mgomvi, na muuzaji mwenye haraka hakuchagulii. Jozi nne zikikunjwa bapa hulala chini ya begi kama karatasi, na siku ya kurudi pale zilipokuwa pamekwisha kuwa na nafasi ya kile ambacho wajukuu watakupa.