Bonde la Mlangoni

Usidhani kuchagua rangi ya gari ni jambo dogo. Hapa kwetu Litapunga, mkoani Katavi, limeigawa nyumba nzima. Marehemu baba alituachia Land Rover 109 kuukuu, nasi tunaifufua ili tuiuze. Karo ya chuo ya mdogo wetu imo humo.

Kaka anataka gari ling'ae kama kioo. Eti mnunuzi hununua kwa macho. Mimi nataka rangi iliyopoa. Si ubishi mtupu, jamani. Rangi ya mng'ao huosheka upesi, ila inaumbua: kila bonde na kila alama ya msasa huonekana jua likipiga. Lazima bodi ipigwe puti kwanza mpaka iwe laini. Rangi iliyopoa husitiri, lakini vumbi letu jekundu huing'ang'ania, na ukiisugua sana inafanya mabaka.

Basi, mimi ndilo puti nisilolitaka. Lile bonde la mlangoni ni la mti wa mninga, usiku wa masika baba alipomkimbiza mama hospitali Mpanda. Mtoto aliyezaliwa alfajiri ile ni mimi. Riwaya ninayoiota inaanzia hapo.

Fundi alitusikiliza, kisha akacheka. "Nyie mnagombea ngozi tu." Bodi ya Land Rover ni aloi ya alumini, maana gari hili lilipoanza kuuzwa mwaka 1948, Uingereza chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita. Lakini chesisi ni chuma. Akaichoma bisibisi kwa chini, ikazama. "Mkimaliza hela kwenye mng'ao, mtauza jeneza lililopambwa."

Mama ndiye aliyekata shauri: chesisi ichomelewe kwanza. Hela iliyobaki haitoshi rangi ya kuchanganya na hadina, na bora hivyo, kwani mvuke wake huharibu mapafu na fundi hana kinyago cha kuletewa hewa safi. Tutapaka praima ya alumini, halafu rangi ya mafuta yenye mng'ao wa wastani, kwa brashi. Bonde litabaki.

Kaka amenuna. Mnunuzi akikimbia nitalaumiwa mimi, na kwa haki. Hata hivyo nitamwonyesha bonde kabla hajauliza, na chesisi mpya pia. Nanyi wenzangu wa kalamu, hadithi zenu mnazipiga puti kiasi gani?