Mwinjilisti naye ana watoto

Kaka yangu ni mwinjilisti wa Kanisa la Baptisti. Alianzisha ibada sebuleni kwenye nyumba ya kupanga, Mbinga mjini, katika mtaa ambao wengi wanaishi kwa vibarua vya kahawa. Msimu wa mavuno sadaka inatosha kununua unga. Mvua zikianza, haitoshi hata sabuni.

Mimi naandika habari za afya, kwa hiyo sikumuuliza wangapi wameokoka. Nilimuuliza wifi: mtoto akishikwa na homa usiku, mnafanyaje?

"Tunasubiri kupambazuke, tukope nauli na hela ya dawa."

Mzazi mwenzangu, malaria inaweza kuwa kali ndani ya saa 24 tu. Haisubiri mkopo.

Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani walipoingia Tanganyika mwaka 1956, hawakuishia kwenye mahubiri. Walijenga pia hospitali ya kifua kikuu Mbeya. Kule Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Waanglikana nao waliweka hospitali jirani na kanisa. Leo tunamtuma kijana na Biblia, mke na watoto watatu, kisha tunamwambia Mungu atatenda.

Mungu hutenda kupitia mikono yetu. Bima ya CHF iliyoboreshwa ilipoanza, kaya ya watu 6 ililipa Sh30,000 kwa mwaka. Ulizeni kituo cha afya viwango vya sasa, mgawane. Spika za kanisa zinaweza kusubiri. Homa ya mtoto haiwezi.