Kibiriti kililowa, nikaumbuka!

Wiki hii sina habari ya mapenzi wala ya mitindo ya nywele. Nina deni. Kuna uongo niliusema mwaka 2018, nikatembea nao kifua mbele kama shati jipya la sikukuu, na leo nataka kuutua hapa mbele yako. Ukicheka cheka, lakini usome mpaka mwisho.

Mie ni mtoto wa Ole, Pemba, kaskazini ya Chake Chake. Asiyeijua Ole ajue kuwa ni vilima, mabonde na mikarafuu. Msimu ukiingia, nyumba zinaachiwa paka. Watu wako kambini: wachumaji juu ya miti, kina mama na watoto chini wanachambua karafuu na makonyo, na kila mmoja anahesabu pishi zake. Mwaka huo nilikuwa ndio kwanza nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Na unamjua mtu aliyefanya mtihani asijue kafelije: hakuna msomi kama yeye duniani.

Jioni moja ya vuli tulibaki wawili kambini, mie na bibi yangu mzaa mama. Wengine walikuwa wametangulia kijijini na magunia. Kabla ya magharibi ikashuka mvua, wallahi si ile ya kusema nijibanze chini ya mwembe. Tukakimbilia karafuu kwanza, maana karafuu ikishaanikwa ikalowa ni hasara tupu. Tukakunja majamvi, tukafunika turubali. Karafuu zikapona, sisi tukarowa chapachapa. Bibi, ambaye miaka sabini alikuwa keshaipita, akaanza kutetemeka mpaka meno yanagongana. Nikamgusa kipaji cha uso, kinachoma.

"Nichemshie maji, babaangu," akaniambia. "Nataka kitu cha moto kifuani."

Kutia mkono mfukoni, lahaula! Kibiriti kimekuwa uji. Njiti ya kwanza nikaikwangua, kichwa kikachubuka kama ngozi ya mhogo uliochemka. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ikachana ubavu wa kibiriti chenyewe. Kibiriti cha akiba hatuna. Kijijini hatwendi, bonde limejaa maji na Bibi hata kusimama hawezi.

Utaniuliza, kwani hamkuwa na jirani? Tulikuwa naye. Mikarafuu yake imepakana na yetu, na kibanda chake kilikuwa mwendo wa kupiga ukelele. Mwangaza wa moto wake niliuona kwa macho yangu, unapenya kwenye makuti. Lakini na yeye tulikuwa hatusemezani.

Wenye kumbukumbu wanajua. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 25, 2015 ulifutwa siku tatu baadaye, ukarudiwa Machi 2016, na kisiwani kwetu watu wakanuniana. Huyu hanunui duka la yule, yule haendi mazikoni kwa huyu. Sitaji nani alikuwa upande gani, haitusaidii. Nasema tu kwamba mwaka 2017 jirani huyo alifiwa na mkewe. Marehemu na Bibi walitwanga kinu kimoja tangu wanawali. Na Bibi hakwenda msibani. Siku ile alijifungia chumbani, akatoka usiku macho yamevimba, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Basi kuliko kwenda kupiga hodi pale, nikaona bora nipambane na mawe.

Skuli tulifundishwa kwamba msuguano huzaa joto. Nikaokota mawe mawili, nikayagonga kwa hasira. Hakuna kitu. Nikagonga mpaka nikajigonga kidole. Siku hizi ndio najua kosa langu: mawe yetu mengi ni ya matumbawe, yaani chokaa, na chokaa ni laini. Zile bunduki za kale za gumegume zilikuwa na jiwe gumu lenye makali, likipiga chuma linakikwangua, na vile vichembe vya chuma vikipata hewa ndivyo vinavyowaka. Cheche ni chuma kinachoungua, jiwe lenyewe haliungui. Sasa mie na chokaa zangu mbili nilikuwa sawa na mtu anayegonganisha maandazi.

Nikachukua panga na kinoo. Hapo, alhamdulillahi, nikaona cheche mbili tatu, nyembamba kama uzi. Nilikuwa nimeweka chini kilifu, kile kitambaa cha mnazi kinachoshika mguu wa kuti. Kikikauka kinadaka moto upesi sana. Chetu kilikuwa kimekula unyevu. Cheche ikitua, inakufa. Cheche ni mgeni mwenye haraka, akikuta kitanda kimerowa haketi.

Bibi alikuwa ananitazama kutoka ndani ya kanga zake. "Pekecha," akasema kwa sauti ya chini. "Wazee wakipekecha." Akanieleza: kijiti cha kusimama kinaitwa ulindi, kiwe kigumu. Cha kulala kinaitwa uwimbombo, kiwe laini na kikavu, mtakawa unafaa. Nikapanda darini nikachomoa fito zilizoonekana kavu kidogo. Nikatoboa kitundu kwa ncha ya kisu, nikachonga mfereji pembeni ili vumbi lipate pa kushukia, nikakanyaga uwimbombo kwa miguu, nikaanza kusokota ulindi baina ya viganja.

Msomaji, hili jambo nilikuwa nimeliona kwenye simu. Wahadzabe, wale wawindaji wa kando ya Ziwa Eyasi huko bara, wanapekecha vijiti, haukupiti muda moshi unafuka, wanamwaga kaa dogo kwenye majani makavu, wanapuliza, moto huo. Nilipotazama nilisema kitu chenyewe ndio hiki? Kumbe kuna mambo mawili sikuyaona. La kwanza, Eyasi ni nchi kavu, na miti yao imekauka hasa. Mti wenye unyevu unalila joto lako lote kwa kukausha maji kabla haujafikiria kuungua. La pili nitakwambia sasa hivi.

Nikasokota. Mikono inateremka na kijiti mpaka chini, narudi juu, nasokota tena. Moshi ukatoka! Nikapiga kelele kama nimefunga goli. Kwenye mfereji likaingia vumbi la hudhurungi, na linalotakiwa ni jeusi, jembamba kama masizi, ndilo linalojiwasha lenyewe likishalundikana. Kila nikirudisha mikono juu, kitundu kinapoa. Nusu saa nzima. Viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, ulindi ukaanza kuteleza kwa damu.

"Huo si wa mtu mmoja," Bibi akasema. "Mikono ya mmoja ikifika chini, wa pili anadaka juu. Usipoe."

Hilo ndilo la pili. Wanapokezana. Na Bibi akatoa mikono yake ndani ya kanga anisaidie. Ilikuwa inatetemeka mpaka hakuweza kukishika kijiti. Ikaanguka mapajani, akaitazama kama si yake.

Niliinuka, nikatoka mvuani.

"Hodi!" Sauti yangu niliisikia kama ya mtoto wa chuoni. Jirani akainua turubali la mlangoni. Alikuwa peke yake, kigogo cha mwembe kinaungua taratibu, nusu kimefukiwa majivuni. Nikamwambia neno moja tu, "Moto." Akanitazama mikono.

"Nani anaumwa?"

"Bibi."

Hakuuliza la pili. Akachukua kifuu kikubwa, akatia majivu, akapanga makaa manne, akafunikiza kwa kifuu kingine. Kwapani akanitia makumbi makavu ndani ya nailoni. Chuoni tulisomeshwa sote kuwa maji, malisho na moto ni vya watu wote, haifai kumnyima mtu. Mie nililisoma somo hilo, yeye alilitenda.

"Nenda mtoto," akasema. "Usikimbie, utauzima."

Makumbi yakadaka. Kuni zikafuka, zikatokota, mwisho zikakubali. Maji yakachemka, nikatia mchaichai, Bibi akanywa vikombe viwili, jasho likamtoka. Kabla ya kulala akafungua macho.

"Umewaka?"

"Umewaka, Bibi."

"Umepekecha?"

Na hapa ndipo deni lilipoanzia. Nikasema, "Ndiyo."

Nilijiambia kwamba nikimtaja jirani Bibi atakikataa kikombe. Lakini alikuwa keshakunywa! Ukweli wenyewe ni kuwa malengelenge yalikuwa yananiuma na nilitaka yanilipe.

Yakanilipa. Asubuhi watu waliporudi, Bibi hajambo, na hadithi ikapanda vilima vyote vya Ole. Barazani wakanibandika jina: Ulindi. "Ulindi kapita!" "Mwacheni Ulindi akae!" Nikapewa kahawa bure. Nikaombwa nionyeshe, nikasema leo hewa ina unyevu, nitawaonyesha siku ya jua. Na siku ya jua nikawa naumwa kichwa.

Jirani naye alikuwa anakuja baraza ile ile, anakaa upande wa pili. Alinisikia najisifu zaidi ya mara moja. Akawa anakunywa kahawa yake, anaweka kikombe, anaondoka. Hakutoa neno. Bora angenitukana.

Zikapita kama wiki mbili. Kifuu nilikuwa nimekificha nyuma ya nyumba chini ya makuti. Jioni moja namkuta Bibi ukumbini, na kifuu kiko mbele yake, kimesuguliwa kinang'aa.

"Kaa kitako," akasema. "Upekecho, mjukuu wangu, unatoa kivumbi. Kikaa kidogo kama punje ya mtama. Hautoi makaa ya mwembe."

Nilitamani ardhi ipasuke. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu usiku ule. Jivu la mwembe silijui mie? Na majirani wa karibu tulikuwa nao wangapi?" Akakigeuza kifuu. "Mbona hukunitajia jina lake?"

"Nilidhani hutokunywa."

Akanyamaza muda mrefu. "Ningekunywa," akasema.

Kisha akanihadithia jambo ambalo mie na fizikia yangu tulikuwa hatulijui. Wakati wa utoto wake hakuna aliyepekecha moto kila siku. Kibiriti kilikuwepo, Mwingereza mmoja muuza dawa, John Walker, alianza kuuza njiti za kukwangua tangu mwaka 1827. Lakini pesa ya kibiriti ilikuwa pesa. Moto ulifukiwa jivuni usiku, asubuhi ukafukuliwa. Wa kwenu ukizimika, mtoto anapewa kifuu, anaambiwa tazama nyumba gani inafuka moshi, nenda. Anarudi na makaa, na anarudi na habari: nani kajifungua, nani anaumwa, nani hana unga. Nyumba isiyotoka moshi mpaka jua likapanda, watu wanakwenda kuichungulia. Siku hizi umeme tunao, tangu mwaka 2010 tuliunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari, na wenye majiko ya gesi wapo. Nani atakuja kukuomba kaa?

Alipomaliza akavaa buibui. Akafungua kabati, akatoa halua, akakata kipande kizuri akakitia ndani ya kifuu. "Chombo cha watu hakirudi kitupu. Nifuate."

Nikamfuata nyuma hatua tatu. Mlangoni pa jirani akapiga hodi mara moja tu. Yule mzee alipotokea, Bibi akamnyooshea kile kifuu kwa mikono miwili, akasema, "Nimekuja kukupa pole ya msiba."

Msiba wa mwaka mzima na zaidi.

Mzee hakusema kitu. Aliingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika, akaupangusa kwa kiganja mara mbili tatu ingawa ulikuwa safi. Bibi akavua viatu. Mie nikabaki nje navilinda, na walichozungumza sikukisikia, wala sikutaka kukisikia. Nilichosikia ni kwamba kuna wakati Bibi alilia, na kuna wakati walicheka.

Usiku ule ule nikaenda barazani nikasema kweli. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Aliyecheka kuliko wote ni jirani. "Miye nilikuwa nangoja siku ya jua," akasema.

Jina hawakulifuta, mpaka leo mie ni Ulindi.

Basi msomaji wangu, ukienda kambini kibiriti chako kitie kwenye chupa yenye kifuniko, usikitie mfukoni. Tundika kilifu kikavu darini kabla ya vuli. Na kama kuna mlango jirani hujaupigia hodi miaka, usingoje mvua. Bibi anakusalimuni, mzima. Mikono yangu imepona, lakini kiganja cha kulia kina kovu. Tuonane wiki ijayo, inshaallah.